Hesabu ya Viota, Kaptembwa

Walikuja na lori la vitunguu, asema Odipo,
wawili tu, shingo za rangi ya majivu,
wakatua kwenye waya wa stima juu ya bucha
na kuulizana jambo kwa sauti ya bawaba kavu.
Kunguru wetu ana fulana nyeupe, tunamjua,
huiba kwa haya.
Hawa haya hawakuja nayo.

Mwaka wa tatu walikuwa mia na ushei.
Vifaranga wangu kumi na saba niliwahesabu asubuhi,
jioni nikahesabu manyoya.
Nyaboke alifunika chapati kwa wavu,
wakajifunza kufunua.
Kitinda mimba wa Chepng'eno alipokonywa andazi getini,
akaingia darasani kidole kikivuja.
Na chiriku, hebu niambie,
mara ya mwisho ulimsikia lini?

Tukaitwa ukumbini. Viti vya plastiki,
afisa na ramani yake, kalamu nyekundu.
Akasema: Hawa ni wageni. Hapa si kwao.
Wanazaana kuliko wenyeji.
Tutapita mlango kwa mlango, tuweke alama
kila walipo, halafu usiku mmoja, sote kwa pamoja...
Akanyamaza.
Au ukumbi ulinyamaza kwanza.

Mugure alikuwa akifuma; sindano zilisimama.
Wepukhulu alikohoa. Mtu akavuta kiti,
kikalia sakafuni.
Sisi wa hapa tuliwahi kuhesabiwa mlango kwa mlango.
Huyu kijana, mwaka wa moshi ule,
alikuwa angali mgongoni kwa mamake.
Akatutazama kama aliyekanyaga kitu gizani
asijue ni nini.

Mugure akasema, macho yake kwenye uzi:
Mwanangu, sema kunguru.
Sema kiota, sema yai, sema mtego.
Kazi tutaifanya. Neno hilo liweke chini.

Akaliweka. Tukaifanya.

Fundi Kiplimo alichomelea tundu kubwa kama choo cha shimo,
paa lake limebonyea katikati,
ndege aingie kwa kujikunja, asitoke kwa kujikunjua.
Bucha ikatoa matumbo.
Wiki nzima walikaa ukingoni wakitusoma.
Kunguru mwoga, tuliimbiwa utotoni, hukimbiza ubawa wake;
hawa waliukimbiza bila woga,
hatua moja ya kando, kama wakopeshaji.

Ndipo Nyaboke akauliza, tena kwa hasira,
nani aliyewaalika kama si jaa letu?
Likawa jambo la mapipa yenye vifuniko,
la Jumanne na Ijumaa, la faini ya shilingi hamsini
ambayo wa kwanza kuilipa alikuwa Nyaboke mwenyewe.
Njaa iliwaingiza tunduni. Siku moja, kumi na wawili.
Mimi ndiye niliyepewa glavu.
Sitaki kusimulia shingo.
Nitasema tu kwamba ni wepesi kuliko makelele yao,
na wa mwisho alinitazama kwa jicho moja
kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

Watoto wakapanda mikaratusi kwa kamba na kofia za bodaboda.
Viota vya waya! Henga za nguo, spoku za baiskeli,
mswaki, nusu ya miwani,
na katikati mayai ya samawati yenye madoa,
mazuri, jamani, mazuri ajabu.
Katika kimoja, ufunguo wa kufuli la zamani.
Ulizungushwa ukumbini mkono kwa mkono.
Mugure akaupima kiganjani,
akaufunga kwenye pindo la kitambaa chake.
Hakuna aliyemuuliza ni wa mlango upi.

Daftari liko kwangu. Mwezi wa tatu, viota sitini na moja.
Wa nne, ishirini.
Wa tano mvua ilitufungia ndani, sikuandika.
Nimenunua vifaranga tena, tisa.
Jana viota vilikuwa vinne.
Leo, nyuma ya kinu cha posho,
vitano.